MABADILIKO YA ZAO SI ZAO LA MABADILIKO



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wapenzi, nilipoombwa kuandika makala katika jarida letu la mwaka huu, wengi walitarajia niandike juu ya tajwidi au fiqhi, kwa kuwa hayo ndiyo masomo ninayofundisha na ndiyo niliyosomea stashahada. Nimechagua hesabu. Nitaeleza kanuni moja ambayo wenzenu wa kidato cha 5 na cha 6 huikuta katika somo la kalkulasi, na ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kufundishwa shuleni, kwa kuwa niliishia hisabati za kidato cha 4. Nilifundishwa na mwanafunzi wa madrasa hii. Sababu ya kuichagua ni kwamba niliona kwa macho yangu kanuni hiyo ikiokoa udugu wa watu wawili hapa hapa Lalago.

NENO "ZAO"

Tuanze na neno lenyewe. Sisi wakazi wa Lalago, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, tukisikia neno "zao" tunafikiria pamba kwanza, kisha mtama, mahindi, dengu na choroko. Lakini katika hisabati za Kiswahili neno hilo hilo lina maana ya jibu la kuzidisha. Zao la 6 na 4 ni 24.

Maana hizi mbili zinakutana mahali pamoja, napo ni kwenye mizani ya kituo cha kununulia pamba. Mkulima akipeleka pamba yake, fedha anayopokea ni zao la vitu viwili: kilo alizopima na bei ya kilo moja. Kilo zikiwa nyingi na bei ikiwa ndogo, fedha ni kidogo. Bei ikiwa kubwa na kilo zikiwa chache, fedha ni kidogo vile vile. Hakuna kimoja kinachotosha peke yake.

Sasa swali letu ni hili. Ikiwa kilo zimebadilika, na bei nayo imebadilika, je, fedha imebadilika kwa kiasi gani? Mtu mwenye haraka hujibu: chukua badiliko la kilo, lizidishe kwa badiliko la bei. Jibu hilo linapendeza masikioni, kwa kuwa fedha yenyewe hupatikana kwa kuzidisha. Lakini si kweli, na madhara yake si ya daftarini tu.

TUANZE NA MKEKA

Wanafunzi wadogo wanaosoma makala hii wasiogope, kwani jambo lenyewe linaonekana kwenye mkeka mnaokalia kila jioni.

Chukua mkeka wenye urefu wa futi 6 na upana wa futi 4. Eneo lake ni futi za mraba 24. Fundi ameambiwa auongeze urefu kwa futi 2 na upana kwa futi 1. Mkeka mpya una futi 8 kwa 5, yaani futi za mraba 40. Umeongezeka kwa 16.

Mwenye haraka angezidisha 2 kwa 1, akapata 2. Amekosa 14 nzima! Zimekwenda wapi?

Mwangalie fundi anavyofanya kazi. Kwanza anaunga kipande mwisho wa mkeka, chenye urefu wa futi 2 na upana wa zamani wa futi 4. Hicho ni 8. Kisha anaunga kipande cha ubavuni, chenye upana wa futi 1 na urefu wa zamani wa futi 6. Hicho ni 6. Mwisho, pale pembeni ambapo vipande viwili vinakutana, pamebaki tundu dogo la futi 2 kwa 1. Analiziba kwa kona ya 2. Jumla ni 8 na 6 na 2, yaani 16.

Yule mwenye haraka alihesabu kona peke yake, akavisahau vipande viwili vikubwa. Mkishika picha hii ya vipande viwili na kona moja, mmeshika kanuni yote. Yanayofuata ni kuifafanua tu.

SHAURI LA NDUGU WAWILI

Mwaka 2022 bei dira ya pamba ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Wakulima wengi walifurahi, na msimu uliofuata wakaongeza mashamba. Mwaka 2023 bei dira ikawa shilingi 1,060. Ilishuka kwa shilingi 500 kwa kila kilo.

Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, ambao sitawataja majina, walikuwa wakilima kwa ushirika. Mkubwa alitoa shamba na mbegu, mdogo alisimamia vibarua, palizi na mavuno, na mapato waligawana nusu kwa nusu. Mwaka 2022 waliuza kilo 1,200 wakapata shilingi 1,872,000. Mkubwa alizihesabu mwenyewe kwa mikono yake. Mwaka 2023 walikodi ekari nyingine, wakavuna kilo 1,500. Lakini wakati wa kuuza, mkubwa alikuwa safarini kwa matibabu. Mdogo akapeleka pamba kituoni peke yake, na kaka yake aliporudi akamkabidhi shilingi 1,590,000.

Mkubwa alikaa na kalamu yake usiku. Akaandika: kilo zimeongezeka 300. Bei imepungua 500. Mara 300 kwa 500 ni 150,000. Basi hasara ya mwaka huu ni 150,000, na fedha ilipaswa kuwa 1,722,000. Mbona nimeletewa pungufu ya shilingi 132,000?

Asubuhi hakumwuliza mdogo wake. Alinyamaza. Siku ya tatu akamwambia jirani, na siku ya saba habari ilikuwa imezunguka kijiji chote kwamba fulani amekula fedha ya kaka yake mgonjwa. Mdogo aliposikia, akaapa kwamba hatalima tena na kaka yake, wala watoto wao hawatakula sahani moja. Hapo ndipo walipoletwa barazani kwetu, baada ya swala ya Alasiri, ili wazee wawasuluhishe. Mimi nilikuwapo kwa kuwa watoto wa nyumba zote mbili ni wanafunzi wetu.

Mzee mmoja alitoa simu, akazidisha 1,500 kwa 1,060. Ikatoka 1,590,000. Stakabadhi ya kituo nayo ilisema hivyo hivyo. Tukadhani shauri limekwisha.

Lakini mkubwa akasema maneno ambayo sijayasahau: "Wazee wangu, simu imezidisha kilichoandikwa kwenye karatasi, na karatasi huandikwa na mtu. Mimi nimeanzia kwenye fedha niliyoishika mkononi mwaka jana. Kama hesabu yangu ni mbovu, nionyesheni ilipovunjika. Mkishindwa, nitanyamaza kwa heshima yenu, lakini moyo wangu hautatulia."

Baraza likawa kimya. Ndugu wasomaji, hapo nilijifunza kwamba jibu sahihi peke yake haliondoi shaka. Mtu aliyefika kwenye jibu jingine kwa njia yake mwenyewe anahitaji kuonyeshwa mahali njia ile ilipopinda. Na katika wazee wote waliokuwapo, hakuna aliyeweza kumwonyesha. Kila mmoja alijua kuwa 1,590,000 ni sahihi, lakini hakuna aliyejua zile 132,000 zimetoka wapi.

Binti wa huyo huyo kaka mkubwa alikuwa upande wa akina mama. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha 6 mwezi Mei mwaka huo, na tangu utoto wake alisoma kwetu. Akatuma mtoto kwangu na ujumbe: "Shikamoo Ustadhi. Naomba ruhusa ya kumweleza baba, na naomba chaki." Nikamwomba baba yake ridhaa mbele ya wote. Akasema, "Aje. Nimemsomesha ili asome." Ukaletwa ubao wa darasa la watoto.

Binti akachora mstatili kama mkeka. Akasema kwa sauti ya chini:

"Baba, kwa heshima yako. Vimebadilika vitu viwili, basi tuvibadilishe kimoja kimoja. Kwanza tuiache bei ya mwaka jana ilivyo, 1,560, tuongeze kilo 300 tu. Kilo hizo mpya zingetuletea 468,000. Hiyo ni nyongeza."

Baba yake akaitikia kwa kichwa.

"Sasa bei ishuke 500. Baba, imeshuka kwa kilo zipi?"

"Kwa kilo zote," akajibu.

"Ndiyo, Baba. Kilo 1,200 za zamani, kila moja imepoteza 500. Hizo ni 600,000. Na kilo 300 mpya nazo zimepoteza 500 kila moja, ni 150,000. Wewe uliandika hizi 150,000 za mwisho peke yake."

Akaandika ubaoni: ongeza 468,000, toa 600,000, toa 150,000. Jumla ya badiliko ni pungufu ya 282,000. Kutoka 1,872,000 ukitoa 282,000 inabaki 1,590,000. Kisha akapiga mstari chini ya namba mbili, 600,000 na 468,000, akatoa moja kwenye nyingine. Ikabaki 132,000.

"Baba, hizi ndizo ulizokuwa unazitafuta. Baba mdogo hakuzichukua. Zilikuwa kwenye vipande viwili ambavyo havikuandikwa."

Kaka mkubwa aliutazama ubao kwa muda mrefu. Akaomba arudiwe tena kuanzia mwanzo, naye binti akarudia. Aliporidhika, akasimama, akamshika mdogo wake mkono, akasema, "Mdogo wangu, nimekudhania vibaya na nimekusema kwa watu. Nisamehe, na hao niliowaambia nitawafuata mmoja mmoja." Mdogo hakuweza kujibu mara moja. Walitoka pale wamegawana 795,000 kila mmoja, na msimu uliofuata walipanda pamoja.

Wanafunzi wangu, mmesoma katika Suratul Hujurat makatazo ya dhana mbaya na ya kusengenyana. Mimi huwaambia kila mara kwamba dhana ni dhambi ya moyo. Siku ile niliona kwamba dhana inaweza pia kulishwa na hesabu isiyokamilika, na kwamba dawa yake wakati mwingine ni chaki.

KONA INAYOPOTEA

Baada ya siku chache nilimwomba binti yule anifundishe somo lenyewe. Alinieleza kwamba yale ya barazani ni nusu ya safari, kwa sababu pale badiliko lilikuwa kubwa, la msimu mzima. Kalkulasi hushughulika na badiliko dogo sana, la kitambo kidogo sana, ili kupata kasi ya kitu kinavyobadilika. Wanafunzi huita kazi hiyo difarensiesheni.

Akanipa jaribio. Tuchukue kilo 1,200 na bei 1,560 kama mwanzo, lakini badiliko liwe dogo zaidi kila mara.

Kilo ziongezeke 300 na bei ishuke 500: vipande ni 468,000 na 600,000, kona ni 150,000.

Kilo ziongezeke 30 na bei ishuke 50: vipande ni 46,800 na 60,000, kona ni 1,500.

Kilo ziongezeke 3 na bei ishuke 5: vipande ni 4,680 na 6,000, kona ni 15.

Kilo ziongezeke 0.3 na bei ishuke 0.5: vipande ni 468 na 600, kona ni senti 15.

Mmeona? Kila tunapopunguza hatua mara 10, vipande vinapungua mara 10, lakini kona inapungua mara 100, kwa sababu kona ina udogo wa pande zote mbili. Ukiendelea hivyo, kona inakuwa si kitu ukiilinganisha na vipande. Ndiyo maana katika kanuni ya kalkulasi kona haionekani kabisa. Vinabaki vipande viwili.

Wanahisabati wakiita kitu cha kwanza u na cha pili v, huandika hivi:

d(uv) = u × dv + v × du

Kwa Kiswahili: badiliko la zao ni cha kwanza kilivyo mara badiliko la pili, jumlisha cha pili kilivyo mara badiliko la cha kwanza. Kila kimoja kinapata zamu ya kubadilika huku mwenzake akisimama pale alipo. Kikipungua, badiliko lake linaandikwa kwa alama ya kutoa.

Anayetaka kuihakiki afanye hivi. Zao la x² na x³ ni x⁵, na kasi ya x⁵ ni 5x⁴. Kasi ya x² ni 2x, na kasi ya x³ ni 3x². Mwenye haraka atazidisha kasi kwa kasi apate 6x³, ambayo si jibu. Mwenye kufuata zamu atapata x² × 3x², yaani 3x⁴, kisha x³ × 2x, yaani 2x⁴. Jumla ni 5x⁴.

RUNDO LINAKUA, THAMANI INASHUKA

Kanuni hii ina faida kwa mfanyabiashara hata kama hajui herufi u na v. Tuseme mtu ana kilo 600 za dengu ghalani, na bei ni shilingi 1,500. Kila siku ananunua kilo 40 zaidi, na kila siku bei inashuka shilingi 10. Thamani ya ghala lake inakwendaje? Bei ilivyo mara kilo za siku: 1,500 × 40 ni 60,000. Kilo zilivyo mara anguko la bei: 600 × 10 ni 6,000. Thamani inapanda kwa kasi ya shilingi 54,000 kwa siku.

Baada ya siku 20 ana kilo 1,400, na bei imefika 1,300. Dengu zimekuwa adimu, ananunua kilo 5 tu kwa siku, na bei bado inashuka shilingi 10. Sasa 1,300 × 5 ni 6,500, lakini 1,400 × 10 ni 14,000. Thamani inashuka kwa kasi ya shilingi 7,500 kwa siku, na hali rundo ghalani linazidi kukua! Anayetazama rundo peke yake atalala usingizi mzuri huku mali inayeyuka.

Wanafunzi wa fiqhi wanakumbuka kwamba katika zaka ya biashara bidhaa hukadiriwa kwa bei ya wakati mwaka unapotimia. Anayekadiria kwa bei aliyonunulia ameacha kipande kimoja cha mkeka.

WALIOTUTANGULIA

Mtu asije akamcheka yule kaka mkubwa. Kosa lake lilimpitia akilini mtu mashuhuri sana. Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz, mmoja wa waasisi wa kalkulasi, alijiuliza katika karatasi zake za Novemba 1675 kama badiliko la zao ni sawa na zao la mabadiliko. Akalichunguza, akaona si sawa. Kanuni sahihi aliichapisha mwaka 1684. Mwingereza Isaac Newton naye, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliieleza kwa mstatili ambao pande zake zinakua, kama mkeka wetu.

Na kabla yao kwa karne nyingi, alikuwapo Sharaf al-Din al-Tusi, mwanahisabati wa mji wa Tus katika Khurasani, aliyefariki kiasi cha mwaka 1213. Msimchanganye na Nasir al-Din al-Tusi, mnajimu aliyekuja baada yake. Sharaf al-Din aliandika juu ya milinganyo yenye x³, na katika kazi hiyo alikuta swali la namna hii: una urefu fulani, tuseme 30. Uukate vipande viwili, x na 30 − x. Zao la x² na 30 − x litakuwa kubwa kabisa ukikata wapi? Alijibu kwamba ni pale x inapokuwa theluthi mbili za urefu wote. Alithibitisha jibu kwa jiometri, ila hakueleza alivyolipata.

Tumjaribu. Theluthi mbili za 30 ni 20. Basi 20 × 20 × 10 ni 4,000. Tukikata 19, tunapata 19 × 19 × 11, yaani 3,971. Tukikata 21, tunapata 21 × 21 × 9, yaani 3,969. Hakika 20 ndiyo kilele.

Kanuni yetu inatoa jibu hilo hilo kwa mistari miwili. Kasi ya x² ni 2x, na kasi ya 30 − x ni −1. Kwa zamu: (30 − x) × 2x, toa x². Kilele ni pale kasi inapokuwa sifuri, yaani 2 × (30 − x) inapolingana na x. Hapo x ni 20. Al-Tusi hakuwa na herufi hizi wala kanuni hii kwa sura tunayoijua leo, lakini alisimama juu ya kilele kile kile.

Nawakumbusha pia kwamba al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha al-jabr kule Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi.  Kwa hiyo mzazi anayesema hesabu za shule hazina uhusiano na madrasa, ninamwomba afikirie upya. Binti yule hakuzungumza fiqhi hata neno moja pale barazani, lakini alirudisha heshima ya mtu aliyesingiziwa.

NASAHA NA MAZOEZI

Wanafunzi wa kidato cha 5, mnapofika kwenye kanuni hii msiikariri kama wimbo. Choreni mstatili. Onyesheni vipande viwili na kona, kisha waelezeni wadogo zenu kwa nini kona inaachwa. Wanafunzi wa chini, ninyi shikeni jambo moja: vitu viwili vikibadilika pamoja, badilisheni kimoja kimoja na mwandike kila hatua. Na wazazi, mkigawana mapato ya shirika, andikeni kilo na bei za miaka yote miwili mbele ya wote, kabla maneno hayajatoka nje ya nyumba.

Nawaachia maswali matatu:

1. Mkeka wa futi 7 kwa 5 umeongezwa futi 1 urefu na futi 2 upana. Taja vipande viwili na kona, kisha hakikisha jumla.

2. Tafuta kasi ya zao la x⁴ na x³ kwa kanuni ya zamu, kisha uhakiki kwa kutumia x⁷.

3. Mfugaji ana waya wa mita 200 wa kuzungushia ngitili yenye umbo la mstatili. Ubavu mmoja ni x, wa pili ni 100 − x. Kwa kutumia kanuni yetu, onyesha ni x ipi itakayompa eneo kubwa kabisa la malisho.

Majibu yaletwe kwangu siku ya Jumamosi baada ya Alasiri. Atakayekwama aje na daftari lake, ubao upo na chaki ipo. Atakayepata yote matatu, nitamwomba asimame awafundishe wenzake.

Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, na azilinde nyumba zetu na dhana mbaya. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.